Mialoni ya Shamba la Mvivu

Nilichokoa udongo kwa kidole kwenye mfuko wa mwisho, nikaitoa kokwa ya mwaloni, nikaitikisa karibu na sikio. Ilicheza ndani ya ganda lake kama harage kavu ndani ya kopo. Nikaivunja kwa meno. Ndani mlikuwa na kitu cheusi kilichojikunja, kikavu, kisicho na ladha hata ya uchungu. Nikatema. Kitalu kizima kilikuwa kimekufa, na aliyekabidhiwa kitalu ni mimi.

"Vipi shemeji, wamezaliwa?"

Sikuhitaji kugeuka. Abundio, mdogo wake marehemu mume wangu, alikuwa ameegemea uzio na kofia yake kisogoni, anatafuna ubua wa nyasi. Kwa Abundio kila siku ni sikukuu.

"Bado wamelala," nikasema, nikifukia kile kishimo haraka.

"Mwezi wa ngapi huu wamelala? Hao si miche, hao ni askari wa kijiji."

"Wewe huna shamba la kwenda?"

"Ninalo jiwe, na mahindi mawili matatu pembeni yake. Haliniiti." Akatema ule ubua. "Ila Jumapili inaita. Au nimekosea siku?"

Hakukosea. Jumapili ya baada ya sikukuu ya Mtakatifu Marta ndiyo mkutano mkuu wa kijiji chetu, Yagalá, na kila aliyeshika zamu anasimama mbele za watu kuonyesha alichofanya. Kwetu ardhi ni ya kijiji. Ukitaka kulima, unatumikia bila malipo: mwaka huu ulinzi, mwaka mwingine mabomba ya maji, mwingine kanisa. Ukishindwa zamu yako, jina linafutwa, na jina likifutwa shamba linakwenda. Crescencio wangu alipokufa chini ya lori la magogo, niliomba niandikwe mahali pake. Mwanamke, mjane, tena mwenye mdomo. Mikono iliyonyooshwa kunikubali ilikuwa michache kuliko iliyobaki mifukoni, lakini wengi wa hao walikuwa wamesinzia, hawakuhesabiwa, nikapita. Wakanipa kitalu.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: nikifika Jumapili bila miche ya mwaloni, lile shamba la juu lenye udongo mweusi, ambalo nimelilima tangu siku ya pili ya ndoa yangu, linarudi kwa mwanamume wa ukoo. Mwanamume wa ukoo alikuwa ameegemea uzio wangu. Na mimi ningeshuka mjini Oaxaca kufua nguo za watu. Nililipenda lile shamba kuliko ninavyoweza kusema bila kuonekana kichaa.

Kwa nini mialoni? Mteremko wa Chemchemi uliungua mwaka wa ukame. Kabla ya moto palikuwa na mialoni minene, imejaa ndevu za kuvu na makelele: vigogota wanapachika kokwa kwenye matundu ya magome, kindi wanawaibia, kulungu wanasubiri chini zinazoanguka, na sisi wanawake tunaokota uyoga katikati yao bila kugombana na yeyote. Baada ya moto tukapanda misonobari, kwa kuwa msonobari una bei. Ikasimama wima, safi, kimya. Hakuna aliyekuja kuila. Wanyama wote wakatuhamia sisi: kulungu kwenye maharage, tejoni, wale wanyama wenye pua ndefu, kwenye mahindi mabichi, na vigogota, kwa kukosa gome, wakautoboa mlango wa kanisa toka juu mpaka chini, wakapachika humo kokwa walizobeba kutoka ng'ambo ya mlima. Padri alipopanda kutusomea misa aliuliza nani ameupiga mlango risasi. Chemchemi nayo ikaanza kutoa maji ya tope. Ndipo mkutano ukaamua mialoni irudishwe, na kila mtu akakubali, na hakuna aliyejua inarudishwaje. Mwaloni haukuwahi kupandwa na mtu Yagalá. Ulikuwa upo tu, kama mvua.

Nilirudi nyumbani na ile kokwa iliyovunjika mkononi. Mama mkwe wangu, Odilia, alikuwa jikoni anageuza tortila, mikate yetu ya mahindi, kwenye kikaango cha udongo. Nikaiweka mbele yake.

"Nani alisema tuzitundike juu ya moto?"

"Mimi nilisema," akajibu bila kuniangalia. "Na wewe ndiye uliyepanda ngazi."

Ilikuwa kweli. Mbegu yangu ya mahindi inaombwa mpaka na vijiji vya bondeni. Masuke bora nayafunga kwa maganda yake, nayatundika juu ya jiko, moshi unayapaka weusi, na fukusi hasogei. Hivyo ndivyo alivyonifundisha Odilia, na hivyo ndivyo alivyofundishwa yeye. Basi mwezi wa Novemba niliporudi kutoka ng'ambo ya mlima na magunia ya kokwa, nyingine zimeshaanza kutobolewa na funza, tungefanya nini kingine? Tulizitundika. Kipindi chote cha baridi zilining'inia juu ya vichwa vyetu, na wageni walipoingia niliwaonyesha kwa kidole, nikijisifu.

Odilia aliichukua ile kokwa, akaisugua kwa gumba mpaka ikawa unga.

"Hindi likikauka linalala," akasema. "Kumbe hii ikikauka inakufa."

"Umechelewa kujua, mama."

"Na wewe umewahi?" Akageuza tortila. "Nyingine zinaanguka lini?"

"Novemba."

"Mkutano hautangoja Novemba. Chomeka vitawi kwenye hiyo mifuko. Mwenyekiti Filemón haoni vizuri."

"Filemón haoni, lakini mke wake anaona mpaka dhambi za mwaka juzi."

Hakucheka. Nikakaa kwenye kigoda, nikamtazama mgongo. Abundio ni mwanawe wa kumzaa. Mimi ni mke wa mtoto aliyekufa. Sikuwahi kumuuliza lile nililotaka kumuuliza, lakini siku ile liliniponyoka.

"Shamba likienda kwa Abundio, wewe utakula tu. Wewe hupotezi kitu."

"Nitakula magugu," akasema Odilia. "Namjua, nimemzaa." Akanisukumia sahani. "Kula. Una sura ya maiti."

Kesho yake nilipanda shambani kufukuza ndege, kwa sababu kukaa na ile mifuko kulikuwa kunaniua. Shamba langu lilikuwa limepaliliwa safi, la kwanza kijijini kama kila mwaka, mistari imenyooka na udongo mwororo. Chara mmoja alikuwa juu ya hindi langu, yule ndege wa buluu mwenye kishungi, binamu yake kunguru kwa sauti na kwa tabia. Nikatia jiwe kwenye kombeo, nikazungusha, nikamkosa. Akaruka mpaka pembeni, kwenye lile rundo la magugu niliyoyapalilia wiki iliyopita, akanitukana kutoka pale. Nikamfuata nikimtukana na mimi.

Kwenye rundo niliona jani jekundu.

Majani machanga ya mwaloni huwa mekundu hivyo, laini, yenye manyoya. Nikavuta. Kikaja kishina kilichonyauka, na chini yake, bado imeshikilia, kokwa iliyopasuka, na mzizi uliokatwa mkato mmoja safi. Nikafukua rundo. Mwingine, na mwingine, na mwingine. Mkato uleule. Ni jembe langu, na mimi huwa nalinoa vizuri.

Sisemi kwamba sikujua ni mialoni. Inachipua mashambani kila mwaka mvua zikianza, na inaudhi, maana haing'oki; unaikata shingo na kuendelea. Shambani kisicho hindi, harage wala boga ni gugu, na gugu halina jina. Nilikuwa nimekesha miezi yote nikingoja kokwa zangu zichipue kwenye mifuko, kisha nikapanda huku na kuikata miche kwa mkono wangu, nikiimba. Nilikaa chini kwenye magugu nikalia, na haikuwa huzuni, ilikuwa hasira.

Mwaloni ulio karibu zaidi uko ng'ambo ya mlima. Nani amezileta kokwa hizi? Nilikuwa bado najiuliza pale yule chara aliporudi. Alitua kwenye mstari wangu na punje ya mahindi yangu mdomoni, akaidunga kwenye udongo mwororo, akagonga mara kadhaa kuizamisha, akachukua jani kavu akalifunika juu. Akatazama huku na huku kama mtu anayeficha hela. Kisha akaenda kuchukua nyingine.

Hapo nikaelewa kila kitu, na cha mwisho nilichokielewa kilinisimamisha. Ndege huyu hachagui shamba. Kama alizika kwangu, alizika kwa wote. Lakini wote walikuwa wameshapalilia. Ikifika sikukuu ya Mtakatifu Marta hakuna mtu Yagalá anayethubutu kuwa na shamba chafu. Hakuna, isipokuwa mmoja.

Nilipomweleza Odilia, alikataa kubaki nyumbani. Alhamisi, kulipoanza kupambazuka, alitoka mbele yangu na mtaimbo begani na shali kichwani, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimfuata kwa kumsikia akihema. Shamba la Abundio liko chini ya mwamba, mkono wa kushoto wa Mteremko wa Chemchemi. Mahindi yake yalikuwa ya njano, yamejikunyata, na magugu yamefika kiunoni. Tukaanza kuyapangua. Odilia akasimama, akafanya ishara ya msalaba.

Miche ilikuwa imejaa. Kila tulipofunua palikuwa na mwaloni, mmoja una majani mawili, mwingine una sita, myekundu, mibichi, imesimama kwenye kivuli cha uvivu wa shemeji yangu kana kwamba imealikwa.

"Usivute!" nikamwambia Odilia. "Unakatika." Mzizi wake unashuka chini kuliko mche ulivyopanda juu, ilibidi kuchimba pembeni kwa mtaimbo mpaka kina cha kiwiko, kisha kuinua na bonge lake la udongo. Ni kazi ya taratibu. Kikapu chetu kilikuwa hakijajaa hata kitako wakati mbwa alipobweka.

"Nani yuko huko? Nitamwachia mbwa!"

"Mwachie," Odilia akasema. "Nilimlisha mimi jana."

Abundio alitokea kwenye ukungu na panga mkononi na shati halijafungwa. "Mama? Mnafanya nini shambani kwangu?"

"Tunakupalilia, shemeji," nikasema.

Akatazama mtaimbo. Akatazama kikapu. Watu wanachanganya uvivu na ujinga. Abundio si mjinga. Niliona uso wake ukibadilika polepole, kisha akacheka.

"Kumbe. Kwako zimekufa."

Nikakiinua kikapu.

"Weka hicho kikapu chini, Bonfilia."

"Ni magugu tu, Abundio."

"Ni magugu yangu."

"Basi nipe. Mwaka mzima umeyalea bure."

"Mtu mwenye magugu anafanya nini?" akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Mmeniimbia maisha yangu yote. Anafanya nini? Anapalilia."

Akainama, akalizungusha panga.

Sijawahi kumwona Abundio akifanya kazi vile, wala kabla wala baada. Alianza pembeni akaja kwetu, anafyeka chini kabisa, shingo ya kila kitu, magugu na mialoni na hata mahindi yake mwenyewe. Nilijitupa mbele yake na mtaimbo. Ninachimba mmoja, yeye anakata kumi. Nikahamia kulia, akanizunguka. Kwa haraka nikavunja mzizi, nikavunja mwingine, nikamtukana yeye na ukoo wake mzima huku mama yake akinisikia. Sauti ya panga tu, na ule utomvu mbichi unanuka hewani. Nilijua kwamba nikiinua macho nitaona shamba tupu, kwa hiyo sikuinua.

Kisha panga likanyamaza.

Odilia alikuwa amekaa chini. Alikuwa amechagua mahali ambapo miche imesongamana zaidi, pale penye unyevu chini ya mwamba, akakaa na sketi yake pana akaitandaza pande zote kama anayeuza sokoni. Mikono mapajani.

"Palilia hapa," akamwambia mwanawe.

"Mama, ondoka."

"Si unapalilia? Palilia."

Abundio alisimama juu yake anahema, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa.

"Crescencio alipewa udongo," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mimi nikapewa jiwe. Kafa, nikasema sasa itakuwa zamu yangu. Leo hata magugu ya jiwe langu unampa mke wake."

"Baba yako ndiye aliyegawa."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Ukungu ulikuwa unaanza kuinuka, na shamba lote nyuma yake lilikuwa limelala chini.

"Nilikuwa nakaanga tortila," akasema Odilia. "Nilisikia, nikaendelea kukaanga."

Abundio alifuta panga kwenye suruali, akamwita mbwa, akaondoka. Tulichimba iliyokuwa chini ya sketi. Ilijaza kikapu kimoja, basi.

Siku zote zilizobaki nilizungumza na ile miche kuliko nilivyozungumza na watu. Niliipanda kwenye mifuko, mizizi mirefu nikaikunja taratibu, nikainyeshea, nikaiweka kwenye kivuli cha nyuma ya nyumba. Michache ilinyauka, mingi ikasimama. Mpango ulikuwa wa Odilia: niseme kitalu kimetoa kidogo, kwa sababu ya funza.

"Abundio atasema nimechukua kwake," nikamwambia.

"Aseme. Itabidi akiri shamba lake lilikuwa chafu mpaka sikukuu ya Marta. Na shahidi wake ni nani? Ndege?"

Jumapili kipaza sauti cha ofisi ya kijiji kilituita kabla chai haijashuka. Ukumbi ulijaa, wanaume mbele na kofia zao magotini, sisi nyuma pamoja na watoto wanaolia. Filemón mwenyekiti aliita majina, kila mtu akaitika. Lilipofika langu nikasema "Nipo," na nikajiuliza kama ndiyo mara ya mwisho.

Nilibeba kikapu mpaka mbele. Nikasema maneno ya Odilia, yote, kwa mpangilio: funza, baridi, kitalu kimetoa kidogo lakini kimetoa. Filemón akainama karibu kabisa na majani ili ayaone. Watu wa mbele wakatikisa vichwa, si haba, si haba. Ilikuwa inapita. Nilihisi shamba langu likirudi chini ya miguu yangu.

"Mwizi huyo," akasema Abundio.

Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi. "Kitalu chake hakikutoa hata jani. Hiyo miche ameiiba shambani kwangu, Alhamisi. Bonfilia ni mwizi."

Nilikuwa na jibu. Tulikuwa tumelifanyia mazoezi. Nilitakiwa kucheka kidogo na kuuliza shahidi wake nani. Lakini neno "mwizi", mbele ya kijiji, kwangu mimi ambaye sijawahi kuokota hata suke la jirani lililoanguka njiani!

"Mwizi mimi?" nikasema, na nilijisikia nikipaza sauti, na Odilia kule nyuma akajifunika uso kwa shali. "Nimeiba magugu! Ndiyo, kitalu kimekufa! Nilizitundika kokwa juu ya moto kama mahindi, zikawa mkaa, kila moja! Haya, chekeni! Na miche ilikuwa imeota yenyewe shambani kwangu, ndege ameipanda, chara, yule mnayempiga mawe, anafukia kokwa kwenye udongo tuliomtifulia, na mimi nikaikata yote kwa jembe, nikaitupa kwenye rundo. Ndiyo maana nilikwenda kwako, Abundio. Kwa sababu katika Yagalá nzima ni wewe tu ambaye hujapalilia!"

Nikanyamaza, na hapo ndipo nikasikia nilichosema. Nilikuwa nimejifukia kwa mdomo wangu mwenyewe. Kitalu kimekufa, nimekiri, jina linafutwa. Nilingoja kicheko.

Hakuna aliyecheka. Filemón alikuwa bado ameinamia kikapu. Alishika jani moja kwa vidole viwili.

"Hii midogo," akasema. "Yenye majani mekundu. Inayokataa kung'oka."

"Hiyo."

"Mimi nimekata juzi. Upande wote wa kisima." Akavua kofia. "Na mwaka jana."

"Kwangu ilikuwa mingi kuliko maharage," alisema Tiburcia, mke wake, kutoka nyuma. Halafu mwingine akasema na kwake, na mwingine hakusema, alitazama tu mikono yake. Ukumbi ukatulia mpaka watoto wakaacha kulia. Tangu ule moto tulikuwa tunakutana humu kuililia mialoni, mkutano baada ya mkutano, kisha tunarudi nyumbani kunoa majembe.

Aliyevunja kimya ni Tiburcia tena. "Basi kuna mtu mmoja tu hapa ambaye hajaua hata mmoja. Abundio!"

Hapo wakacheka, cheko la watu waliopata pa kupumulia. "Mvivu katuokoa!" "Nilisema mimi, siku moja huyu atafaa!" Waliokaa karibu naye wakampiga mgongoni. "Msaragambo leo leo! Kila mtu na mtaimbo wake, twende kwa Abundio!"

"Subirini," akasema Filemón. "Abundio. Imebaki mingi kule?"

Abundio alikuwa bado amesimama.

"Nimepalilia," akasema.

"Nini?"

"Nimepalilia shamba. Alhamisi."

"Lote?"

"Lote. Ila pale alipokaa mama."

Cheko lilikatika. Hakuna aliyemtukana, na nadhani angependa watukane. Nilikuwa nimemchukia mtu huyu mwaka mzima, nikatafuta ile chuki pale nilipoiacha, nikakuta huruma, na ikaniudhi.

Filemón alirudisha kofia kichwani. "Anayetaka jina la Bonfilia lifutwe, anyooshe mkono."

Nilitazama ukumbi mzima, uso kwa uso. Hakuna mkono ulionyooshwa, maana hakuna ambao haukuwa umeshika jembe msimu ule. Abundio alitia mikono yake mifukoni, akakaa chini.

"Kitalu kinataka mtu wa pili," ilisikika sauti ya Odilia. Yeye si wa orodha, hana haki ya kusema mkutanoni, na alisema amesimama. "Kazi ya Bonfilia ni kubwa. Namtoa mwanangu."

Mikono ilipanda yote, mbele na nyuma.

Novemba ile tulikwenda ng'ambo ya mlima pamoja, mimi na Abundio, tukarudi na kokwa mbichi. Tulizimwaga kwenye ndoo ya maji. Zilizoelea zilikuwa na funza, tukawapa nguruwe. Zilizozama ziliingia udongoni siku hiyohiyo, na udongo hatukuuacha ukauke. Ile miche ya sketi ya Odilia ilikuwa imeshapandwa Chemchemi, katikati ya misonobari, na tayari kulungu mmoja alikuwa ameonja mitatu.

Shamba la juu silimi tena peke yangu. Nimempa Abundio upande wa kijito, udongo mweusi uleule, tunalima pamoja na kugawana. Msiniite mwema; mikono yangu haitoshi. Kule kwenye jiwe hakuna anayelima, na chara anazika anavyotaka.

Mvua zilipoanza tulikuwa tunapalilia, mimi mbele, yeye nyuma sana. Nikasikia jembe lake limesimama.

"Shemeji!"

"Umechoka tayari?"

"Kuna mmoja hapa. Katikati ya mstari kabisa. Na hindi liko hapa hapa, vinagusana."

Sikugeuka. Nilijua akigeuza lile jembe kidogo tu hakuna atakayeuliza.

"Zunguka," nikamwambia.

"Mwaloni utalinyima hindi jua ukikua."

"Zunguka, Abundio."

Nilisubiri. Kisha nikasikia jembe likianza tena, taratibu, kwa kuuzunguka. Na kwa kuwa ni yeye, aliacha na magugu yote ya karibu.